Karamu isiyo na mwenyeji: juu ya filme «Gimme Shelter»

Katika mwaka mmoja nimesikia mahubiri mawili, kwa parokia mbili mbalimbali, juu ya jambo moja. Mhubiri wa kwanza alisema ya kwamba vijana wa Marekani walikusanyika nje kusikiliza muziki wa roki, na mwimbaji alipoanza wimbo wa kumtaja shetani, mara kijana mmoja akauawa mbele ya macho yake. Mhubiri wa pili alisimulia vile vile, lakini kwake waliokufa walikuwa wengi, nao wote walikufa katika wimbo ule ule. Watu walinyamaza kabisa, hata watoto. Baada ya Misa vijana wa kwaya, ambao wana magitari yao na wanayapenda, walinifuata kando ya sakristia wakaniuliza: «Padri, ni kweli?»

Niliwajibu: kijana aliuawa kweli, habari ya wimbo si kweli. Na kusudi nisiwape maneno matupu, jioni moja niliwaonyesha filme yenyewe kwenye ukuta wa chumba cha katekisimu. Walikuwapo pia makatekista wawili wazee, na waseminari wanne waliokuwa likizoni. Haya ni maoni yangu juu ya filme hiyo, na juu ya watu tunaowaona ndani yake.

Inaitwa «Gimme Shelter», yaani kama kusema «Nipe pa kujificha». Ni jina la wimbo mmoja wa Rolling Stones, wanamuziki wa Uingereza. Ilitoka mwezi wa Desemba 1970. Walioitengeneza ni watatu: Albert Maysles na ndugu yake David, pamoja na Charlotte Zwerin. Inachukua saa moja na nusu. Hakuna msimulizi wa kutueleza mambo. Tunaona, tunasikia, na kazi ya kufahamu tunaachiwa sisi wenyewe. Kwa sababu hiyo nitaeleza kwanza habari ilivyokuwa, kwani filme inaificha nusu yake.

Mwishoni mwa mwaka 1969 Rolling Stones walizunguka Marekani wakipiga muziki katika majumba makubwa. Tikiti zilikuwa ghali, na waandishi wa magazeti, hasa Ralph Gleason wa San Francisco, waliwalaumu kwa bei hiyo. Basi wakaahidi: mwisho wa safari yetu tutapiga bure, mahali pa wazi, na kila mtu aje. Tena ilikuwapo sababu nyingine. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule vijana zaidi ya 400.000 walikuwa wamekaa siku tatu kwenye shamba la Bethel, jimbo la New York, katika sikukuu ya muziki iitwayo Woodstock. Walinyeshewa, walikosa chakula, walilala matopeni, nao walirudi kwao wakisema hawajapata kuona amani kama ile. Kila mtu alitaka Woodstock ya pili.

Lakini pahali hapakupatikana. Kwanza walitaka bustani ya mji, Golden Gate Park, wakakosa. Kisha wakachagua Sears Point, kiwanja cha mashindano ya motokari. Hapo wenye kiwanja walidai fedha na tena haki za filme itakayopigwa, mapatano yakavunjika. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki. Ndipo mwenye kiwanja kingine, Altamont, mashariki ya San Francisco, alipojitolea. Usiku na mchana wakahamisha mbao, taa na vipaza sauti. Jukwaa lilikuwa limepimwa kwa Sears Point, ambako lingesimama juu ya kilima. Kimo chake kilikuwa kadiri ya metri moja. Huko Altamont likawekwa bondeni, chini ya mteremko, kila mtu akilishukia. Vyoo vilikuwa vichache, maji machache, waganga wachache. Jumamosi tarehe 6 Desemba 1969 wakaja watu wapata 300.000.

Nani atalinda jukwaa? Waliwaita Hells Angels, kundi la wenye pikipiki ambao jina lao maana yake ni Malaika wa Jehanamu. (Wahubiri wetu hawakulikosa jina hilo, nakiri ya kwamba linavuta.) Malipo yao, kama inavyosimuliwa sana, yalikuwa bia ya dola 500.

Nirudi kwa filme. Sehemu yake ya kwanza inaonyesha wanamuziki katika ukumbi mkubwa wa New York, na avoka Melvin Belli akipatana kwa simu juu ya kiwanja. Vijana wetu walipenda muziki, wazee walisinzia. Lakini baadaye inafika asubuhi ya Altamont, na hapo hakuna aliyesinzia tena.

Ni kurasa bora za filme nzima, nami nimezirudia mara nyingi. Motokari zimeachwa barabarani kwa mstari usio na mwisho. Watu wanatembea kwa miguu, wamejitanda mablanketi, kwani Desemba huko ni baridi. Wengine walilala pale pale, wakiota moto usiku kucha. Kunapokucha wanakimbia kushuka mteremko, kila mtu akitaka kufika mbele, nao wanacheka. Mmoja anapuliza mapovu ya sabuni. Mmoja anaomba michango ya kesi. Wengine wamekwisha lewa kabla ya adhuhuri, na wengine wamemeza madawa yanayogeuza akili. Tunaona mtu ametoa macho, hajui aliko. Anapita mtu uchi, watu wanampisha kama wanavyompisha mgonjwa. Hapa wapiga-picha hawamhukumu yeyote. Wanamtazama kila mmoja kitambo kidogo, kisha wanamwacha aende zake. Mwaseminari mmoja alisema: «Kama kwenye hija.» Nilitaka kumkemea, nikaacha, kwani alisema kweli: uchovu ule ule, furaha ile ile ya kukuta wengi wenye nia moja nawe, na ile haja ya kuwa karibu na kitu ulichokijia kutoka mbali.

Ndipo katekista mmoja mzee, ambaye kwa muda wa miaka mingi amepokea watu wa vijijini kwa sikukuu zetu, akauliza swali ambalo sijalisoma katika magazeti ya sinema: «Lakini nani amewapokea hawa?»

Tulisimamisha filme tukatafuta. Hatukumwona mtu. Hakuna anayesema karibuni, keti hapa, maji yako kule, mtoto akipotea mleteni mahali fulani. Wanamuziki wanafika mchana kwa helikopta, na Mick Jagger, mwimbaji mkuu, hajatembea hatua nyingi kijana mmoja anampiga usoni. Avoka yuko mjini. Mwenye kiwanja ametoa kiwanja. Hells Angels wanaingia na pikipiki zao katikati ya watu waliokaa chini, watu wanapasuka kushoto na kulia kama maji mbele ya mtumbwi. Kila mmoja alikuwa amealikwa na mwingine. Watu 300.000 wamealikwa karamuni, na karamu haina mwenyeji.

Mtu ataniambia: hata Woodstock palikuwa vile vile, chakula kilikwisha, njia zilizibwa. Ndiyo. Na huko pia walikufa watu. Kijana mmoja alikanyagwa na trakta akiwa usingizini. Lakini tazama filme ya «Woodstock» ya Michael Wadleigh, iliyotoka mwaka 1970 vile vile, halafu uhesabu. Max Yasgur, mkulima mwenye shamba, anapanda jukwaani na kuusalimu umati kwa kinywa chake. Watu wa jamaa iitwayo Hog Farm, waliokodiwa kusaidia ulinzi, wanapika vyungu vikubwa na kugawa chakula, na wanakaa karibu na wale waliochanganyikiwa na madawa mpaka akili irudi. Wakaaji wa kandokando walitoa walichokuwa nacho. Muziki ulikuwa wa namna ile ile, madawa yalikuwa yale yale, na baadhi ya wanamuziki walikuwa wale wale. Kwa hiyo mimi simwamini anayesema ya kwamba muziki ndio uliua. Kama muziki huua, ungalianzia Bethel.

Huko Altamont mapigano yanaanza mchana. Hells Angels wanapiga watu kwa fimbo nzito, zile ambazo watu huchezea biliardi. Wakati Jefferson Airplane wanapopiga muziki, mwimbaji wao Marty Balin anajaribu kumtetea mtu mmoja; anapigwa mpaka anazimia. Mwenzake anasema jambo hilo katika kipaza sauti, na mmoja wa Hells Angels anashika kipaza sauti kingine akamjibu. Kundi la Grateful Dead, waliosaidia kupanga siku hiyo, wanapata habari hiyo wanapofika. Waliondoka bila kupiga hata wimbo mmoja. Sipendi kuwahukumu kwa haraka, lakini watu waliobaki mbele ya jukwaa hawakuwa na helikopta.

Rolling Stones wanapanda giza limekwisha ingia. Jukwaa ni fupi sana hata mtu akisukumwa na wa nyuma yake anaangukia miguuni mwa mwimbaji, na akiangukia hapo anapigwa. Hii ndiyo hali ya wale wa mbele: nyuma yao maelfu wanasukuma bila kujua, mbele yao fimbo. Wimbo wa kumtaja shetani unaanza kweli, na fujo inatokea, unakatizwa. Jagger anawasihi watu watulie. Anauliza nani anapigana, na kwa nini. Anawaita ndugu. Tunaona uso wa msichana anayelia karibu kabisa na jukwaa. Mbwa mmoja mkubwa anakatiza jukwaani polepole, kama mbwa apitaye barazani, na hakuna anayemfukuza. Wanaumaliza wimbo ule. Kisha wanaanza mwingine, «Under My Thumb», usiosema neno lolote juu ya shetani, na ni katika huo kwamba Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, mwenye vazi la rangi ya majani mabichi, alichomwa kisu na mmoja wa Hells Angels. Alikuwa na bastola mkononi, picha inaionyesha. Magazeti ya kwanza yalikosea wimbo, na kosa hilo limekuwa tamu mdomoni hata leo, miaka mingi baada ya filme kulisahihisha. Mhubiri anayelirudia hasemi uwongo kwa makusudi. Lakini kijana wa kwaya akitazama filme na kukuta tumekosea wimbo, atatuamini tena namna gani tukimweleza mambo makubwa kuliko hayo?

Sasa lawama zangu juu ya filme yenyewe.

Watengenezaji walichagua kuonyesha mauaji kwa njia ya pekee. Jagger na mpiga-ngoma Charlie Watts wameketi mbele ya meza ya kukatia filme. Mwanzoni wanasikiliza maneno yaliyonaswa kutoka radio ya San Francisco, ambamo mkubwa mmoja wa Hells Angels anajitetea kwa hasira kwamba yeye hakuwa polisi wala hakukubali kuwa polisi. Mwishoni wanaonyeshwa picha ya mauaji, inarudishwa nyuma, inaendeshwa polepole: hii ndiyo bastola, hiki ndicho kisu. Jagger anasimama kwenda zake, na picha inaganda juu ya uso wake. Wengi wamesifu jambo hilo. Wanasema filme inamweka mwimbaji mbele ya tendo lake.

Mimi nasema inatuondolea macho pale yanapotakiwa kuwa. Tangu mwanzo tumemtazama Jagger: akiimba, akicheka na waandishi, akilala, akivaa. Sasa kijana amekufa, na bado tunaambiwa tumtazame Jagger, ana huzuni kiasi gani. Katekista mwingine, yule asiyesema mengi, alisema: «Huyu tunamjua. Yule wa vazi la kijani ni mtoto wa nani?» Filme haina jibu. Inatuonyesha machela, inatuonyesha msichana aliyekuwa pamoja naye akilia, basi. Alitoka mji gani, nani alimngoja nyumbani usiku ule, ilikuwaje kwa kijana mweusi kusimama katikati ya umati ambao karibu wote walikuwa wazungu, mbele ya kundi la wazungu wenye fimbo: juu ya hayo kimya. Na siku ile walikufa wengine watatu. Wawili waligongwa na motokari walipokuwa wameketi kando ya moto wao, mmoja alizama katika mfereji wa maji. Radio inawahesabu kwa neno moja mwanzoni. Picha haiwatafuti hata kidogo.

Kuna lawama ya pili, nayo ilitolewa zamani na Pauline Kael, mhakiki wa sinema wa gazeti «The New Yorker». Aliwashtaki watengenezaji kwamba hawakuwa mashahidi tu, bali walikuwa na sehemu katika jambo lenyewe, kwani tamasha lilipangwa likiwa na kamera ndani ya mpango. Watengenezaji walikana kwa nguvu. Nadhani Kael alizidisha, lakini alinusa kitu. Nimesema hapo juu ya kwamba mapatano ya Sears Point yalivunjika kwa sababu ya fedha na haki za filme. Mtazamaji wa «Gimme Shelter» hataambiwa neno hilo. Anaona avoka akihangaika kutafuta kiwanja, asijue ya kwamba kamera inayomwonyesha avoka ni moja ya sababu za kuhangaika kwake. Yaani karamu ilihamishwa kwa siku mbili, jukwaa fupi likapelekwa bondeni, na ugomvi juu ya filme ulikuwa na mkono wake humo. Mtu mwaminifu angaliliweka hilo mezani, pale pale kwenye meza ya kukatia filme, mbele ya macho yake mwenyewe na si ya Jagger peke yake.

La tatu ni dogo, lakini kwangu lina uzito. Karibu kamera zote zinakaa mbele. Watu walikuwa 300.000, wa filme, tukiwahesabu nyuso, ni labda 300. Wengi waliokaa juu ya mteremko hawakuona mapigano, walisikia muziki ukikatika na kuanza tena, wakakasirika kwa baridi na kwa kungoja, kisha wakatafuta motokari zao gizani. Habari ya kifo waliipata baadaye, kwa radio na kwa magazeti. Hao pia walikuwapo. Wangeweza kusema kwa haki: tulikuwa Altamont, ilikuwa siku ya kuchosha, muziki ulikuwa mzuri. Katika kundi kubwa hakuna siku moja, kuna siku nyingi upande kwa upande, na ya yule aliye mita kumi kutoka jukwaani haijulikani na yule aliye mlimani. Tuliowahi kusimamia maelfu ya watu tunajua jambo hilo: padri altareni anaona sikukuu nzuri, na nyuma ya kanisa mama amezimia kwa jua. Filme ambayo ingalisikiliza wale wa mlimani ingalitufundisha zaidi kuliko uso wa mwimbaji.

Na hata hivyo naiita filme kubwa. Sababu yangu ni ile asubuhi, na zile nyuso za usiku. Hao watazamaji wa mbele hawakuigiza. Unaona hatua kwa hatua namna furaha inavyogeuka mashaka, mashaka kuwa hofu, na bado hawaondoki, kwa kuwa wamekuja kutoka mbali na kwa kuwa hakuna njia ya kutokea. Mwandishi mwenye kalamu angalihitaji kurasa mia kwa hayo.

Mwezi wa Januari 1971 tribinali ilimwachilia aliyemchoma Hunter, kwamba alijitetea. Picha za filme zilionyeshwa mbele ya baraza la hukumu. Katika mwaka 2006 Sam Green alitengeneza filme fupi sana, «lot 63, grave c». Jina lake ni namba ya kaburi. Kamera inaingia makaburini huko Vallejo, California, inatafuta pahali alipozikwa Meredith Hunter, na inakuta majani tu, bila jiwe wala jina. Baada ya filme hiyo watu walituma michango, jiwe likawekwa. Niliwaonyesha vijana hiyo pia, wiki iliyofuata. Ni dakika chache tu. Hakuna aliyegusa gitari lake baada ya hapo, wakaenda kulala.

Anayetaka kuonyesha «Gimme Shelter» katika seminari au parokia ajue haya. Si ya watoto: kuna ulevi, kuna watu uchi, na mauaji yanaonekana wazi. Maneno ni ya Kiingereza, upesi upesi. Awepo mtu wa kufasiri. Sehemu ya New York yaweza kufupishwa bila hasara. Asubuhi ya kiwanjani isikatwe hata kidogo, na kama kuna katekista mzee katika parokia, aalikwe.